Radi katika nchi za Maziwa Makuu: kwa nini huangamiza kundi zima la mifugo, na mchungaji ajikinge vipi

Ukanda unaoanzia milima ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukapita Rwanda, Burundi na Uganda, hadi mwambao wa Ziwa Victoria nchini Tanzania na Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi mara nyingi zaidi. Wanaodhurika kwa wingi ni wale ambao riziki yao iko chini ya anga tupu: wachungaji na mifugo yao, wakulima, wavuvi, na watoto walio njiani au katika madarasa yasiyo na kinga.

Kila msimu wa mvua huleta habari za namna hiyo hiyo. Ng'ombe kadhaa wamekutwa wamelala chini ya mti mmoja, wote wakiwa wamekufa. Wachezaji wa mpira wameanguka pamoja. Darasa zima limepigwa ilhali jengo halikuungua. Wengi huona matukio hayo kuwa ni fumbo, kwa kuwa radi ni moja na waliokufa ni wengi. Makala hii inaeleza namna radi inavyosafiri ardhini, kwa nini wanyama wa miguu minne hufa kwa urahisi kuliko binadamu, na hatua zipi humwokoa mchungaji aliye malishoni.

Umeme, ngurumo na radi

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya matatu huchanganywa. Umeme ni ule mwanga unaoonekana angani. Ngurumo ni sauti inayoufuata. Na radi ni mpigo unaoifikia ardhi na kudhuru kilichopo. Yote hutokana na jambo moja. Ndani ya wingu zito la mvua, chembe za barafu na matone ya maji hugongana yanapopandishwa na kushushwa na upepo mkali. Migongano hiyo hutenganisha chaji za umeme: kwa kawaida sehemu ya juu ya wingu hubaki na chaji chanya na sehemu ya chini hubaki na chaji hasi. Tofauti hiyo inapokuwa kubwa kiasi ambacho hewa haiwezi tena kuizuia, umeme hujipasulia njia, ama kati ya wingu na wingu, ama kati ya wingu na ardhi.

Njia hiyo huwa nyembamba sana, lakini joto lake hufikia takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara kadhaa zaidi ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa moto ghafla hupanuka kwa kishindo, na hicho ndicho tunachokisikia kama ngurumo. Mwanga hutufikia papo hapo, ilhali sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani huhitaji sekunde tatu hivi kukamilisha kilomita moja. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeona umeme na kusikia ngurumo baada ya sekunde 15 yuko umbali wa kilomita tano hivi kutoka mahali ulipopiga. Umbali huo si salama, kwa kuwa mpigo unaofuata waweza kutua kilomita kadhaa mbali na ule uliotangulia, hata pale ambapo mvua haijaanza kunyesha.

Kwa nini ukanda huu

Mwaka 2016 watafiti waliochambua takwimu za setilaiti za miaka 16 walichapisha orodha ya maeneo yanayoongoza kwa radi duniani. Nafasi ya kwanza ilishikwa na Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, lenye wastani wa radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Barani Afrika, la kwanza lilikuwa eneo la Kabare, mkoani Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, lenye wastani wa radi 205. Kabla ya hapo, sifa ya kuongoza duniani ilikuwa ya kijiji cha Kifuka, katika milima ya mashariki mwa nchi hiyo hiyo. Nchini Uganda, mji wa Tororo ulio karibu na mpaka wa Kenya uliandikisha ngurumo kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka kati ya 1967 na 1976.

Sababu ni za kijiografia. Jua la ikweta hupasha ardhi joto mwaka mzima, na misitu ya Kongo pamoja na maziwa makubwa hutoa mvuke usiokoma. Milima iliyopakana na Bonde la Ufa huilazimisha hewa hiyo yenye unyevu kupanda juu kwa kasi, nako huko juu mawingu ya radi hujengeka. Ziwa Victoria lina tabia yake ya pekee. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mawingu mazito hukusanyika juu ya vilima vinavyolizunguka. Usiku upepo hugeuka, ukakutana katikati ya ziwa, na dhoruba huwakumba wavuvi kabla ya mapambazuko. Mfugaji wa nchi kavu, basi, ana hatari kubwa zaidi alasiri na jioni, saa zile zile ambazo mifugo iko malishoni au njiani kurudi zizini.

Misimu nayo hutofautiana. Penye mvua za masika na vuli, vipindi vya tahadhari ni Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kaskazini mwa Uganda mvua hunyesha kwa msimu mrefu wa katikati ya mwaka, na ndiyo maana baadhi ya maafa makubwa ya huko yametokea mwezi Juni na Agosti. Siku za mwanzo wa mvua, baada ya ukame mrefu, zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu watu na mifugo huwa wamesahau hatari hiyo.

Njia tano za radi kumfikia kiumbe

Watu wengi hudhani kuwa anayeuawa na radi ni yule aliyepigwa moja kwa moja kichwani. Kwa hakika hiyo ni miongoni mwa njia zilizo adimu. Wataalamu wa tiba ya majeruhi wa radi hukadiria kuwa mpigo wa moja kwa moja husababisha asilimia tatu hadi tano tu ya vifo na majeraha.

Njia ya pili ni mruko wa pembeni: radi hupiga mti au mlingoti, kisha sehemu ya umeme huruka kuelekea kiumbe kilichosimama karibu. Ya tatu ni kugusa kitu kilichopigwa, kama vile uzio wa waya wa seng'enge, bomba la maji au kamba iliyolowa. Ya nne ni mkondo mdogo unaopanda kutoka ardhini, kupitia mwili wa mtu au mnyama, kuelekea wingu. Mkondo huo unaweza kuua hata kama haukukutana na radi yenyewe.

Ya tano ndiyo iliyo kuu, nayo ni mkondo wa ardhini. Radi inapopiga mti au udongo, umeme wake hautoweki pale pale. Husambaa pande zote juu ya ardhi kama viwimbi vinavyotanuka pale jiwe linapotupwa bwawani, nguvu yake ikipungua kadiri unavyosonga mbali. Inakadiriwa kuwa takriban nusu ya vifo na majeraha ya binadamu hutokana na njia hii. Hapo ndipo fumbo la kundi zima kuanguka kwa mpigo mmoja linapofumbuka.

Miguu minne

Umeme unaposambaa ardhini, kila hatua huwa na nguvu tofauti na hatua inayofuata. Kiumbe kilichosimama kwa miguu iliyoachana hugusa sehemu mbili zenye nguvu zisizolingana, na umeme hupita ndani ya mwili wake ukitoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kadiri miguu inavyokuwa mbali, ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa.

Binadamu aliyesimama huwa na nyayo zilizo karibu, na umeme unaoingia mguu mmoja na kutokea mwingine hupita zaidi sehemu za chini za mwili. Ng'ombe, kwa upande wake, ana zaidi ya mita moja kati ya kwato za mbele na za nyuma. Umeme unaopanda mguu wa mbele na kushuka mguu wa nyuma hukipitia kifua chake, ulipo moyo. Ndiyo sababu mtu na ng'ombe wanaweza kusimama mahali pamoja, ng'ombe akafa na mtu akabaki na ganzi ya miguu. Mnyama aliyelala naye hana nafuu, kwani mwili wake wote umegusana na udongo.

Tabia ya mifugo huzidisha hatari. Mvua ikianza, ng'ombe, mbuzi na kondoo hubanana chini ya mti au kando ya uzio. Kubanana huko huwaweka wote ndani ya duara dogo ambamo mkondo wa ardhini bado una nguvu, na miili iliyolowa inayogusana huupitisha umeme kutoka mmoja hadi mwingine.

Mfano uliojulikana zaidi duniani ulitokea mbali na Afrika. Mwezi Agosti 2016, katika nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norway, kulungu 323 wa nchi za baridi, miongoni mwao ndama 70, walikutwa wamekufa kwenye mteremko mmoja baada ya dhoruba. Walikuwa wamekusanyika pamoja, kama wafanyavyo wanyama wa kundi wanapoogopa, na ardhi ilikuwa imelowa.

Katika ukanda wetu, mwezi Februari 2020, sokwe wanne wa milimani walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, kusini magharibi mwa Uganda. Watatu walikuwa majike wazima, mmoja wao akiwa na mimba, na wa nne alikuwa dume mchanga. Walitoka katika familia ya Hirwa, yenye wanyama 17, ambayo ilikuwa imevuka kutoka Rwanda mwaka uliotangulia. Uchunguzi wa awali ulionyesha dalili za kupigwa na umeme. Kwa nususpishi ambayo idadi yake yote duniani ni zaidi kidogo ya elfu moja, vifo vinne kwa siku moja vilikuwa pigo zito.

Farasi, punda na anayewapanda

Kanuni hiyo ya miguu minne huwahusu pia wanyama wanaopandwa na kubebeshwa mizigo. Katika Afrika Mashariki punda ndiye anayeonekana zaidi, akibeba maji, mkaa na mazao. Farasi ni wachache, lakini katika nyanda za juu za Ethiopia, nchi yenye farasi wengi kuliko zote barani, na katika milima ya Lesotho, ambako ardhi yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, farasi ni chombo cha usafiri cha kila siku. Huko nako mvua za radi hunyesha wakati ambapo njia za milimani zina wasafiri.

Mpanda farasi hukabiliwa na hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni urefu: akiwa juu ya mgongo wa farasi katika uwanda usio na miti, yeye ndiye aliye juu kuliko vyote vilivyo jirani, na uwezekano wa kupigwa moja kwa moja huongezeka. Ya pili ni hofu ya mnyama, kwani farasi aliyeshtushwa na ngurumo anaweza kumwangusha aliyempanda na kukimbilia genge. Kwa hiyo anayesikia ngurumo hushauriwa ashuke mapema, aongoze mnyama wake kwa miguu kutoka kilimani hadi sehemu ya chini, na aepuke mti ulio peke yake, uzio wa waya na kingo za mito. Wakiwa wengi, waachane kwa mita 15 au zaidi, ili mpigo mmoja usiwaangushe wote na abaki wa kutoa msaada.

Farasi anayenusurika huweza kubaki na madhara. Madaktari wa mifugo wameeleza visa vya farasi walioinamisha kichwa upande mmoja, wakayumba na kupoteza mizani kwa sababu sikio la ndani limeharibika, na wengine waliopooza misuli ya uso. Baadhi hupona baada ya majuma au miezi, wengine hawarudii hali yao ya awali.

Anayeendesha pikipiki au baiskeli yuko katika hali inayofanana na ya mpanda farasi. Matairi ya mpira hayamkingi. Umeme uliopasua hewa kwa kilomita kadhaa hauzuiwi na mpira wenye unene wa sentimita chache. Gari lenye paa na kuta za chuma humkinga aliye ndani kwa sababu umeme hupita kwenye bodi la nje hadi ardhini, ilimradi vioo vimefungwa naye hagusi chuma.

Mahali pa kujihifadhi panapoua

Maafa makubwa ya radi katika nchi jirani yana jambo moja linalofanana: waathiriwa wengi walikuwa wamekimbilia mahali walipopaona kuwa salama, au walikuwa tayari ndani ya jengo.

Mwezi Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 na kujeruhi makumi ya wengine wakiwa darasani. Mwezi Machi 2018, watu wasiopungua 15 walikufa katika kanisa wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, na zaidi ya mia moja wakapelekwa hospitalini. Oktoba mwaka huo huo, wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita, Tanzania, waliuawa. Mwezi Agosti 2020, karibu na mji wa Arua kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kujikinga na mvua, na radi ikawaua. Mwezi Novemba 2024, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, kaskazini mwa Uganda, walipoteza maisha.

Jengo humkinga mtu dhidi ya radi ikiwa tu lina njia ya kuupeleka umeme ardhini bila kupitia miili ya waliomo. Nyumba kubwa ya matofali au zege, yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ukutani, huwa na njia hizo hata kama hazikukusudiwa kwa kazi hiyo. Kibanda cha udongo na nyasi hakina. Paa la bati lililokaa juu ya kuta za udongo au nguzo za miti nalo halitoshi, kwa sababu halijaunganishwa na ardhi kwa waya, na umeme hulazimika kuruka kutoka paani kwenda kwa kilicho karibu. Tena darasa au kanisa lenye sakafu ya udongo huruhusu mkondo wa ardhini kuingia chini ya miguu ya waliokaa humo. Kibanda cha wachungaji, kituo cha basi kilicho wazi na hema huzuia mvua, lakini havizuii radi.

Mchungaji afanye nini

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mchungaji methali hiyo ni kanuni ya usalama. Uamuzi unaookoa maisha ni ule unaochukuliwa kabla dhoruba haijafika. Mawingu meusi yaliyorefuka kwenda juu, upepo wa baridi unaovuma ghafla, na ngurumo hata ya mbali, vyote vinatosha kuwa sababu ya kuondoka. Asikiaye ngurumo yuko tayari ndani ya eneo la kupigwa.

Kanuni inayofundishwa katika nchi nyingi ni rahisi kukumbuka kwa namba moja: 30. Ikiwa kati ya umeme na ngurumo hazipiti sekunde 30, ingia mara moja katika jengo imara au gari. Usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kwa kuwa watu wengi hudhurika baada ya mvua kupungua, wanapodhani kuwa hatari imekwisha.

Aliye mbali na nyumba na gari hana mahali salama kabisa, ila anaweza kupunguza hatari. Ashuke kutoka kilele cha kilima. Akae mbali na mti ulio peke yake, nguzo, uzio wa waya, kisima na maji. Aweke chini jembe, panga, mwamvuli na kila kifaa kirefu. Asilale chini, maana kufanya hivyo huongeza sehemu za mwili zinazogusa ardhi. Kuchuchumaa huku nyayo zimebanwa pamoja ni hatua ya mwisho kabisa, nayo hupunguza athari ya mkondo wa ardhini bila kumpa mtu usalama wa kweli.

Swali gumu kwa kila mfugaji ni kama akimbie au akusanye mifugo kwanza. Katika jamii nyingi wachungaji ni watoto na vijana, na kupoteza ng'ombe wa familia ni jambo wanaloliogopa kuliko radi yenyewe. Ni wajibu wa wazazi na wenye mifugo kutamka wazi, kabla ya msimu wa mvua, kwamba mtoto akisikia ngurumo aokoe maisha yake na awaache wanyama. Mchungaji aliyesimama katikati ya kundi lililobanana chini ya mti hawakingi wanyama hao, bali hushiriki nao hatari ile ile.

Mifugo yenyewe inaweza kukingwa kwa maandalizi. Siku zenye dalili za dhoruba, wanyama walishwe katika mabonde yaliyo wazi au karibu na nyumbani, mbali na vilele na miti mirefu iliyo peke yake. Mti wa namna hiyo uliomo ndani ya malisho unaweza kuzungushiwa uzio wa miiba ili wasikusanyike chini yake. Uzio wa seng'enge uliofungwa kwenye nguzo za miti huweza kusafirisha umeme kwa mamia ya mita. Dawa yake ni kuuunganisha na ardhi kwa vyuma vilivyochimbiwa kila baada ya mita 40 hadi 50, na kuukata mwendelezo wake kwa kuweka kipande cha mbao kati ya sehemu na sehemu.

Baada ya radi: kwa binadamu

Wengi wa wanaopigwa na radi hawafi. Inakadiriwa kuwa tisa kati ya kumi hunusurika, ingawa baadhi yao hubaki na maumivu ya neva, upungufu wa kusikia, usahaulifu au matatizo ya usingizi kwa miaka mingi. Wanaokufa aghalabu hufa kwa sababu moyo au pumzi imesimama, na wengine wao wangeokolewa kama wangepata msaada katika dakika za mwanzo.

Kikwazo kikubwa ni hofu kwamba mwili wa aliyepigwa bado una umeme. Hofu hiyo haina msingi. Mwili hauhifadhi umeme wa radi, na kumgusa mwathiriwa hakuna madhara. Aliyepoteza fahamu na asiyepumua alazwe chali mahali pasipo na hatari ya mpigo mwingine, kisha akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Kama waliopigwa ni wengi, wa kuhudumiwa kwanza ni wale wanaoonekana kama wamekufa. Anayelia na kujitikisa tayari anapumua na anaweza kusubiri kidogo.

Baada ya radi: kwa mzoga

Mnyama aliyeuawa na radi mara nyingi hukutwa mahali alipokuwa akila, pengine akiwa na majani mdomoni, bila alama za kuhangaika. Huenda manyoya yakawa yameungua kwa mistari kwenye miguu, ingawa si lazima. Dalili iliyo thabiti zaidi ni ya mazingira: wanyama kadhaa mahali pamoja, baada ya dhoruba, karibu na mti uliopasuka gome au kando ya uzio.

Tahadhari ni muhimu hapa, kwa sababu kifo cha ghafla kina sababu nyingine iliyo hatari kwa binadamu, nayo ni ugonjwa wa kimeta. Mnyama aliyekufa kwa kimeta huvimba haraka, hutokwa na damu isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja, na mwili wake huenda usikakamae. Mlipuko wa kimeta katika wilaya ya Kyotera, kusini mwa Uganda, mwaka 2023 ulihusishwa na ulaji wa nyama ya ng'ombe waliokufa. Kwa hiyo mzoga usichunwe wala kupasuliwa kwa kudhani tu kwamba radi ndiyo iliyoua. Ofisa mifugo aitwe, na hadi afike, watoto na mbwa wazuiwe kuukaribia.

Imani na shutuma

Radi imepewa nafasi kubwa katika imani za ukanda huu. Baganda walimtambua Kiwanuka kuwa mungu wa radi. Wanyarwanda walimzungumzia Nkuba, bwana wa ngurumo. Nchini Tanzania, Sumbawanga hutajwa katika masimulizi ya mtaani kuwa mahali ambapo radi huweza kutumwa na mtu kwa adui yake. Imani hizo ni sehemu ya urithi wa jamii na hazina ubaya zinaposimuliwa kama urithi. Ubaya huanza pale kifo cha mtu au mifugo kinapogeuzwa kuwa shutuma dhidi ya jirani, mara nyingi mzee au mjane asiye na wa kumtetea.

Maelezo ya mkondo wa ardhini huondoa msingi wa shutuma hizo. Radi iliyoua ng'ombe wa boma moja na kuwaacha wa boma la pili haikuchagua mwenye mali. Ilipiga kilichokuwa kirefu zaidi mahali pale, na ikawaua waliokuwa wamesimama karibu. Vivyo hivyo, mavazi mekundu hayaivuti radi, wala kufunika vioo hakuizuii. Mmasai aliyevaa shuka nyekundu na mwenzake aliyevaa nyeupe wana hatari sawa wakiwa juu ya kilima kimoja.

Kinga ya majengo

Fimbo ya kukinga radi imejulikana tangu Benjamin Franklin wa Marekani alipoieleza katikati ya karne ya 18, na utendaji wake haujabadilika sana. Fimbo za chuma huwekwa sehemu za juu za paa, zikaunganishwa kwa waya mnene na vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kuupokea mpigo na kuupeleka chini bila kuupitisha kwa watu. Fimbo isiyounganishwa vyema na ardhi haina faida, na wizi wa nyaya za shaba umeziacha taasisi kadhaa zikiwa na fimbo zisizofanya kazi. Mfumo uliowekwa unahitaji kukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua.

Baada ya maafa ya 2011, Uganda imekuwa kitovu cha juhudi za kukinga shule barani. Mtandao wa wataalamu wa radi wenye makao yake Kampala umefunga mifumo ya kinga katika shule kadhaa, Runyanya ikiwa miongoni mwa za kwanza, na kuwafundisha walimu na wanafunzi. Rwanda imehimiza ufungaji wa fimbo hizo katika majengo ya umma, hasa katika wilaya za magharibi kama Rutsiro na Karongi. Mamlaka za hali ya hewa za nchi zote za ukanda hutoa utabiri na tahadhari za dhoruba kupitia redio na simu.

Hata hivyo, fimbo ya shuleni haimfikii mchungaji aliye kilomita tano kutoka barabarani. Kwake yeye kinga ni maarifa: kutambua wingu mapema, kujua kabla ya kutoka nyumbani jengo lipi lililo imara katika njia yake, kuuepuka mti ambao mifugo yake inaukimbilia, na kusubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi kuitafuta.